Kishimo cha Nne

14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umeacha kukusumbua ukiinuka kwenye cherehani. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kaka yako. Goti linamsumbua yeye, na redio yake inatusumbua sisi. Anaifungua kabla jua halijachomoza, na nikilalamika ananiambia ni goti lililomwamsha, nilalamikie goti. Fimbo ameikataa. Anasema fimbo ni ya wazee.

Nakuandikia kama ulivyotaka, maana unasema maneno ya simu hayana pa kuyaweka. Mjukuu wako Kasuku, mgonjwa wangu, mpe salamu nyingi, na umwambie mama yake mdogo bado anakumbuka alivyonisimulia habari za paka mmoja tangu chakula cha mchana mpaka cha jioni.

Kazi inaendelea. Mkubwa wetu wa maabara, Profesa, ana tabia moja ambayo nimeivumilia mwaka wa tatu huu na sijaizoea. Akitaka kusoma daftari langu la kazi analamba kidole. Analamba, anafungua ukurasa, analamba tena. Daftari hilo linakaa kwenye meza tunayopasulia seli za damu za watu. Nimemwambia. Akacheka, akasema mate ya msomi hayana wadudu. Kila jioni nafuta kona za kurasa kwa pamba na spiriti, na bado nikizigusa mwili unanisisimka.

Uliniuliza ninafanya nini hasa huku, ukaniomba nisikujibu kwa maneno ya darasani. Basi nikujibu kwa kazi yako. Kila seli ya mwili wa Kasuku ina kabati, na ndani ya kabati mna paterni, zile karatasi za kukatia vitambaa, za nguo zote za mwili mzima. Hizo paterni ndizo jeni. Nguo zenyewe, zile zinazofanya kazi, ndizo protini. Paterni asili haitoki kabatini hata siku moja. Inanakiliwa kwenye karatasi nyepesi, na hiyo nakala ndiyo inayokwenda mezani kwa mshonaji. Kazi ikiisha nakala inachanwa, la sivyo mshonaji angeshona mpaka nguo zizibe mlango. Seli ya jicho inayo paterni ya damu, lakini haiifungui. Seli ya damu inayo paterni ya kucha, nayo haiifungui. Sisi tunachunguza nani anafungua, nani anafunga, na kwa nini.

Paterni ya damu ya Kasuku ina kosa la herufi moja tu. Kwa kosa hilo protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe, chembe ya damu inajipinda kama mundu, inakwama kwenye mshipa, na ndiyo yale maumivu. Lakini alipokuwa tumboni alitumia paterni nyingine, ya kichanga, ambayo haina kosa. Ile ilifungwa baada ya kuzaliwa. Ingefunguliwa tena hata kidogo, maumivu yangepungua. Makala yetu inasema kuna unga wa mzizi mmoja unaoifungua. Nimekuwekea nakala yake humu ndani. Jina langu ni la tatu. Picha ya pili usiitazame sana, haikutoka vizuri.

Wako,
Kinyaa


2 Februari

Mwanangu Kinyaa,

Marahaba. Na marahaba nyingine nakuwekea akiba, maana sijui utaandika tena lini. Mgongo ni ule ule. Mwambie kaka yangu fimbo si ya wazee, ni ya wenye akili, ndiyo maana hana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti ili Kasuku asikie. Sasa anamwambia kila mtu kwamba ndani ya kucha yake kuna paterni ya jicho. Mwalimu wake ameniita shuleni kuuliza mtoto ametoa wapi uongo huo. Nikamwonyesha makala. Akanisindikiza mpaka getini.

Nilicheka peke yangu, mwanangu. Wewe tulikuita Kinyaa ukiwa na miaka sita kwa sababu ulikuwa hunywi maji nyumbani kwangu mpaka ufute kikombe kwa pindo la gauni, kana kwamba naosha vyombo kwa tope. Nilikasirika siku ile, nakwambia leo. Na sasa unashinda na damu za watu, na mtu mwenye mate anakulambia daftari. Mungu ana mzaha wake.

Mtoto alishikwa mwezi uliopita, siku mbili, miguu. Hakulia. Akishikwa kweli huwa halii, ananyamaza, na mtoto yule akinyamaza nyumba nzima inatisha. Tulikwenda kliniki tukakaa kwenye benchi letu. Tuko kina mama kumi na wawili tunaokutana pale kila mwezi na watoto wa ugonjwa huo mmoja, tumeshakuwa kama chama. Choo cha pale sitakieleza, maana karatasi hii itabidi niiguse tena nikiikunja.

Makala yako nimeitoa nakala nne. Jina lako nimelipigia mstari kwa chaki ya kukatia vitambaa. Kizungu chake hatukielewi, lakini jina tunalielewa.

Sasa nijibu mawili. Kwanza, ni fundi mjinga gani aliyefunga paterni nzuri akabaki na yenye kosa? Ningekuwa na fundi wa namna hiyo dukani ningemfukuza kabla ya chai. Pili, huo unga unapatikana wapi?

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba amenunua fimbo. Hatembei nayo, anaitumia kuzima redio akiwa kitandani. Nami nilikuwa na mafua wiki nzima, sasa nimepona.

Leo nimetapika kazini, sikufichi. Mtu ameweka chakula chake cha mchana kwenye friji ya sampuli, nyama ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya chupa za damu ya kitovu tunazoletewa kutoka wodi ya uzazi. Mchuzi ulikuwa umevuja mpaka kwenye vifuniko. Nilipompelekea Profesa taarifa alisema nyama haimjui jirani yake. Nimeosha friji yote kwa mikono yangu, na mpaka saa hii nasikia harufu ile kwenye nywele.

Fundi wako si mjinga, Shangazi, ana mazoea tu. Paterni ya kichanga inafungwa kwa kila mtu, mzima na mgonjwa. Mtoto akiwa tumboni anaomba hewa kutoka kwenye damu ya mama yake, kwa hiyo damu yake lazima ishike hewa kwa nguvu kuliko ya mama. Akizaliwa anavuta hewa mwenyewe, na damu ya namna ile haihitajiki tena. Basi inakuja protini nyingine, kama mlinzi, inakaa kwenye mlango wa paterni ile, na nakala haitolewi tena. Mlinzi hajui kwamba kwa Kasuku paterni iliyobaki ina kosa. Ameagizwa afunge, anafunga. Na yeye mwenyewe ameshonwa kutoka kwenye paterni yake, nayo ina walinzi wake. Ndani ya seli hakuna mkubwa hata mmoja asiyesimamiwa. Naipenda seli kwa sababu hiyo.

Vile vidonge anavyopewa Kasuku kliniki, sehemu ya kazi yao ni hiyo hiyo. Vinamlegeza mlinzi kidogo, damu ya kichanga inarudi kiasi.

Kuhusu unga, hayo bado ni mambo ya kwenye sahani za maabara. Tutazungumza.

Kinyaa


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Nimeshonea kwaya nzima, magauni ishirini na saba, na hakuna mwenye kiuno alichosema anacho.

Ulisema tutazungumza, nikaona una mambo mengi, nikazungumza na mwingine. Amekuja kwenye benchi letu kijana mmoja wa koti jeupe, na sanduku la mikebe. Unga wa mzizi. Nikamwambia huo unga naujua, mwanangu ndiye aliyeupima. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimekubandulia lebo kwa mvuke wa birika, uione, iko humu. Ile michoro myeusi ni picha yenu ya pili, sivyo? Niliitambua mara moja. Ulisema haikutoka vizuri, mbona imetoka vizuri tu.

Kina mama walisita. Walisema vya kwenye masanduku wamevichoka. Ndipo nikatoa makala mkobani, nikawaonyesha jina lenye chaki, nikasema huyu nimemlea mimi, huyu hanywi maji kwenye kikombe asichokifuta, mnadhani atasema kitu kichafu ni kisafi? Wote kumi na mmoja wakachukua. Mimi wa kumi na mbili.

Kasuku anakunywa kijiko kimoja kila asubuhi huku nimembana pua. Unanuka soksi ya askari aliyelinda wiki nzima, nikikudanganya nife. Juzi aliurudisha wote juu ya kitambaa cha bibi harusi. Mimi mwenyewe niliuonja ili asione peke yake anaonewa, na ulimi wangu ulibaki na utelezi mpaka mchana. Tunavumilia. Anasema dawa ya mama mdogo inanuka mguu.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Huku mvua imenyesha siku tisa mfululizo, nguo hazikauki, ukuta wa chumba changu umeota ukungu mweusi kutoka sakafuni mpaka usawa wa kitanda. Nimeusugua kwa dawa ya madoa, umerudi. Nimeusugua tena. Baba anasema niuache, ukungu nao umeumbwa. Majirani wa juu wamepata mtoto. Yule binamu yetu dereva amebadilisha gari.

Lebo nimeipata.

Naomba uniambie kama Kasuku anaendelea na vidonge vya kliniki. Aendelee navyo. Nina kazi nyingi wiki hizi, barua yangu ni fupi, unisamehe.

Kinyaa


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa wodini, kwenye kiti, karatasi nimeiweka juu ya sinia. Kasuku amelazwa siku ya sita leo. Ilianza miguuni, ikapanda kifuani. Amewekewa hewa ya mtungi na ameongezwa damu. Jana alifungua macho akaniangalia, hakusema neno. Yule mtoto, mwanangu. Hakusema neno.

Barua yako ya mwezi wa nne sikuijibu, na sasa nitakwambia kwa nini. Uliuliza vidonge. Vidonge nilivisimamisha siku ile ile tulipofungua mkebe wa kwanza. Kijana wa koti alisema viwili haviendi pamoja, na wewe mwenyewe uliniandikia kwamba vidonge vinamlegeza mlinzi, kazi ni hiyo hiyo. Nikajiambia kama kazi ni moja, kwa nini mtoto anywe vya watu nisiowajua, aache cha kwetu? Ulipouliza niliona aibu kukwambia, nikaona nisubiri apate nafuu kwanza, ndipo nikuandikie habari njema.

Nimewaza siku sita kwenye kiti hiki. Lazima kuna kitu nilikosea. Kijiko changu ni kile cha sukari, huenda ni kidogo. Au nilikosea kuchanganya na maji ya moto, pengine moto unaua dawa. Siku mbili tulisahau kabisa, nakiri. Mkojo wa wagonjwa unapita kwenye mfereji chini ya kitanda chetu, na mimi nakaa hapa navuta harufu yake nikihesabu vijiko.

Wewe ndiye mjuzi. Niambie nilikosea wapi, nisirudie.

Shangazi yako


23 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako imefika jana kabla ya saa sita. Nilipiga simu wodini papo hapo, nikaongea na muuguzi mkuu, nikamweleza vidonge viliachwa lini na mtoto amekunywa nini, akaniahidi daktari atajua ndani ya saa hiyo. Aliniuliza kama nataka uitwe. Nikasema hapana. Sikuwa na sauti ya kukupa.

Hukukosea. Kijiko hakikuwa kidogo, maji hayakuwa ya moto mno. Hata ungeupima kwa mizani ya sonara, unga ule haufungui kitu. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu nitakueleza lote, maana mwezi wa nne nilikuandikia habari za ukungu.

Kuona protini tunafanya hivi. Tuna kipande cha jeli chenye vishimo vidogo kumi, vimepangwa mstari. Kila kishimo tunatia tone la seli zilizopasuliwa, kisha umeme unazivuta protini chini, zinajipanga kwa ukubwa, na ile tunayoitafuta inajitokeza kama mstari mweusi. Kishimo cha nne siku ile kilikuwa cha seli zilizonyweshwa unga. Cha saba kilikuwa cha damu ya kitovu, ya mtoto mchanga halisi, tunayoiweka makusudi ili tujue protini ya kichanga ikiwepo inaonekanaje. Chupa zote mbili zilikuwa na kifuniko cha buluu. Nilizipishanisha. Cha nne nikatia damu ya kitovu, cha saba nikatia seli za unga.

Picha ilipotoka, kishimo cha nne kilikuwa na mstari mweusi, mnene, mzuri. Cha saba hakikuwa na kitu. Nilijua dakika ile ile. Niliandika kwenye daftari kwa mkono wangu: Kishimo cha nne, nimekosea chupa, hii ni damu ya kitovu, picha isitumike. Nikarudia jaribio mara tatu kwa chupa sahihi. Mara tatu seli za unga hazikutoa hata kivuli.

Profesa alikuja, akalamba kidole, akafungua kurasa, akapita zile picha tatu, akasimama kwenye ile ya kwanza. Akasema hii ndiyo. Nikamwambia, Profesa, hiyo ni damu ya mtoto mchanga, soma hapo chini. Akasoma. Akalamba kidole tena, akafunga daftari. Kwenye makala cha nne kimeandikwa kuwa ni cha unga, na cha saba kimekatwa, picha inaishia cha tano. Aliponiambia jina langu litakuwa la tatu, nilisema asante.

Sikukubali kwa sababu ya njaa, wala hakuna aliyenitisha. Nilitaka tu jina langu liwe pale, na nilitaka wewe ulione. Nilijiambia ni karatasi, zinasomwa na watu ishirini, zinakufa. Ulipobandua lebo ile nikaona alama ya mwezi mdogo mweupe pembeni mwa kishimo cha nne. Ile ni kipovu cha hewa nilichokiacha mimi mwenyewe nilipokuwa nagandamiza jeli. Ni picha yangu, iko kwenye mkebe, na mkebe uko mkononi mwako. Nilikuandikia barua ya kurasa nne siku ile. Nikaiweka kwenye droo, nikaandika ile ya mvua.

Miaka yote mnaniita Kinyaa. Niliyefuta kikombe chako ndiye niliyemeza mate ya yule mtu mwaka mzima, na nikakusifia ladha. Jana nilijitazama kwenye kioo cha bafuni, nikageuza uso.

Seli haifanyi hivi. Nakala ikiwa na kasoro, kuna protini zinazokaa pale kazi yao ni kuikamata na kuichana, na nguo iliyokunjwa vibaya inapelekwa kukatwa vipande. Si kila mara zinafaulu, lakini haziahirishi. Mimi nilikuwa na kazi hiyo nikaipa kisogo.

Leo asubuhi nimepeleka nakala za kurasa zote kwa mwenyekiti wa kamati ya utafiti, na nyingine nimezituma kwa wahariri wa jarida. Mwenyekiti alitaka nimwachie daftari lenyewe, nikakataa. Profesa alinifuata kwenye korido akanyoosha mkono nimpe, na kidole alikuwa ameshakilamba. Nimeambiwa nisije kazini kuanzia Jumatatu mpaka nitakapoitwa. Daftari liko hapa, chini ya godoro la Baba. Hajui kwa nini analalia mwinuko.

Sijui niandike nini tena. Mtoto akiongea, hata neno moja, naomba unijulishe.

Kinyaa


11 Juni

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia.

Kasuku tumerudi naye nyumbani tarehe mbili. Anakunywa vidonge vyake. Neno la kwanza alilosema lilikuwa kuomba maji, la pili kuuliza nani amekalia kiti chake, na tangu hapo hajanyamaza. Amekonda shingo. Daktari anasema kifua kitachukua muda.

Nakwambia moja kwa moja, kwa sababu wewe umenifundisha ubaya wa kuzungukazunguka. Nilipomaliza kusoma barua yako niliiweka chini nikaenda kunawa mikono. Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuchekea wewe na kikombe chako, na sasa nilisimama pale kwenye beseni nikisugua wino wako usinibaki. Sikuonei kinyaa kwa kukosea chupa. Nimeshona mkono wa kushoto kulia mara nyingi kuliko ulivyokula wali, na kila mara nimefumua. Nakuonea kinyaa kwa sababu uliona mshono umepinda, ukapiga pasi juu yake.

Na mimi pia najionea. Kumi na mmoja wale hawakuchukua mkebe kwa kijana wa koti. Walichukua kwangu.

Kwa hiyo nilivaa viatu. Siku tisa nimezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya mikebe. Hakuna aliyenikaribisha kukaa mara ya pili. Mmoja alinimwagia unga mlangoni, nikaufagia mwenyewe. Mmoja alicheka, akasema hata hivyo alikuwa anaupa kuku, na kuku nao wameukataa. Watatu walikuwa wameacha vidonge kama mimi, nimewapeleka kliniki kwa mkono wangu. Nimepata mikebe kumi. Iko uani ndani ya gunia, na nyumba nzima inanuka.

Wa kumi na moja ni Mama Pacha, yule wa nyumba ya kona, ambaye mmoja wa mapacha wake ni mgonjwa na mwingine ni mzima. Yeye ndiye aliyesita kuliko wote siku ile, na ndiye aliyeshika kuliko wote. Vidonge amevitupa. Nilimweleza kila kitu, vishimo, chupa, damu ya kitovu, kama ulivyoniandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile nakala niliyompa, akanifunulia.

Akasema, "Hii imeandikwa na mwanao?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ni fundi cherehani?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mama, usiniudhi. Mjuzi amesema unga unafaa, na fundi cherehani amesema haufai. Wewe ungekuwa mimi ungemsikiliza nani?"

Nilimpa barua yako. Akasema barua yoyote mtu anaweza kuandika, hii hapa imepigwa chapa. Niliitazama ile nakala, Kinyaa. Chaki yangu ilikuwa bado iko juu ya jina lako.

Mtoto wake alikuwa amekaa kizingitini. Nimeangalia macho yake, yameshaanza umanjano ule tunaoujua.

Njoo. Usisubiri kamati. Usilete zawadi, wala usimlete kaka yangu akuombee msamaha, goti lake halitoshi. Lete daftari. Panda basi la Ijumaa, nitakuwa stendi. Hatutapita nyumbani kwanza, tutakwenda moja kwa moja nyumba ya kona, nawe utakaa kwenye mkeka wa yule mama, na ukipewa maji utakunywa kwenye kikombe hicho hicho bila kukifuta. Kisha utafungua ule ukurasa wewe mwenyewe, mbele yake, kwa kidole kikavu, umsomee ulichoandika siku ile. Atakuuliza kwa nini hukusema. Hapo mimi sitakusaidia.

Akikupa mkebe, ukatoka nao mlangoni, utanisalimia upya. Marahaba yako nitakuwa nayo pale nje, nimesimama.

Shangazi yako